Diwani asiyefundishwa atamsimamia nani?

Kila ufikapo uchaguzi mkuu, na hata baada ya uchaguzi kupita, huzuka hoja moja ambayo wasomi wetu wanaipenda sana. Husema kwamba sheria inayomtaka mgombea udiwani ajue tu kusoma na kuandika, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, imepitwa na wakati, na kwamba sasa yafaa mgombea adaiwe cheti cha kidato cha nne au zaidi. Wenye hoja hiyo huleta ushahidi wa mabaraza yanayopitisha hesabu bila kuzielewa, na wa wajumbe wanaosimama kuzungumzia posho ilhali ajenda iliyo mezani ni ya mamilioni ya shilingi yasiyojulikana yalikokwenda. Ushahidi huo si wa uongo. Ila dawa inayopendekezwa ni ya ugonjwa mwingine.

Mwandishi wa makala haya amekaa Chuo Kikuu miaka mitatu, na katika miaka hiyo hakuna siku hata moja aliyofunguliwa kitabu cha makisio ya halmashauri akaonyeshwa namna ya kukisoma. Mwenye shahada ya fasihi, mwenye cheti cha kidato cha nne na mkulima wa pamba aliyeishia darasa la saba, wote huingia katika baraza lao la kwanza wakiwa wageni wa kazi iliyo mbele yao. Tofauti ni kwamba mkulima huyo aghalabu anaijua kata yake: anajua kisima kipi kimekauka, zahanati ipi haina mganga, na ni nani anayeuza mchanga wa mto wa kijiji. Kumfungia mlango mtu wa namna hiyo kwa sababu ya cheti ni kasumba, na katika nchi ambayo wakulima ndio wengi, ni kuwanyima wananchi haki ya kumchagua mwenzao. Lakini kumfungulia mlango kisha kumwacha akae bubu kwa miaka mitano ni dhuluma pia, na hiyo ndiyo inayotendeka.

Tuitazame kazi yenyewe. Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982, ambazo ndizo msingi wa halmashauri zetu za wilaya na za miji, zinalipa baraza la madiwani mamlaka ya kupanga, kupitisha bajeti, kutunga sheria ndogo na kuwasimamia watendaji. Upande mmoja wa ukumbi huketi mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais, pamoja na mweka hazina, ofisa mipango, mhandisi, mwanasheria na wakuu wengine wa idara, kila mmoja na taaluma yake. Upande wa pili huketi watu waliochaguliwa na kata zao, na akina mama wa viti maalum ambao sheria inataka wasipungue theluthi moja. Hawa wa pili ndio wanaotakiwa kuwasimamia wale wa kwanza. Ikiwa msimamizi hawezi kusoma daftari la anayesimamiwa, usimamizi umebaki jina tu. Madaraka aliyoyatoa mpiga kura huhama kimya kimya, pasipo sheria yoyote kubadilishwa, yakaangukia mikononi mwa mtu ambaye mpiga kura hakumchagua wala hana njia ya kumwondoa.

Chukua mfano mmoja. Tangu sheria ya fedha za serikali za mitaa irekebishwe mwaka 2018, kila halmashauri inalazimika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hesabu hiyo hufanywa baada ya kuondoa mapato lindwa, yaani fedha ambazo tayari zina kazi yake maalum, kama vile ada za matibabu zinazobaki hospitalini. Tuseme halmashauri imekusanya shilingi milioni 950 katika nusu mwaka, na milioni 150 kati ya hizo ni lindwa. Zinabaki milioni 800. Fungu la mikopo basi ni milioni 80: wanawake 32, vijana 32, watu wenye ulemavu 16. Taarifa ikija barazani ikisema zimetengwa milioni 55, diwani aliyefundishwa atauliza milioni 25 ziko wapi. Asiyefundishwa ataona neno milioni, ataona idadi ya vikundi, ataona picha za pikipiki zilizokopeshwa, na atagonga meza kwa furaha. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Mkulima wetu wa pamba anaiweza, maana kila msimu hupigiana hesabu ngumu kuliko hiyo na wanunuzi. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kanuni iko hivyo, na kwamba takwimu zake hutafutwa katika jedwali fulani la kabrasha.

Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kelele nyingi kuhusu vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika mjadala ule watendaji walilaumiwa, na vikundi vililaumiwa. Ilikuwa nadra kusikia mtu akiuliza madiwani walikuwa wakielewa nini taarifa za mikopo hiyo zilipokuwa zikisomwa mbele yao robo baada ya robo. Ni vivyo hivyo kwa mashine za kukusanyia ushuru. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja zaidi ya mara moja makusanyo yaliyopita katika mashine hizo yasifike benki. Mkaguzi huja fedha zikiwa zimekwisha kutoweka. Diwani yuko pale pale sokoni, anamwona mkusanya ushuru kila siku ya gulio.

Na mwishoni mwa mwaka 2021, nchi ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, darasa moja lilipangiwa shilingi milioni 20, na kazi ikafanywa na mafundi wa kawaida badala ya wakandarasi wakubwa. Utaratibu huo ni mzuri, kwa kuwa unaacha fedha kijijini. Lakini unamtaka mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, ambaye ni diwani, aweze kuitazama orodha ya vifaa na gharama, ajue nondo ngapi na mifuko mingapi ya saruji, na athubutu kuhoji pale kuta zinapofika kwenye lenta na fedha zimekwisha.

Je, diwani hufundishwa lini mambo haya? Jibu ni kwamba hufundishwa, kwa kiasi fulani. Baada ya kuapishwa huitwa katika semina elekezi ya siku mbili au tatu. Katika siku hizo hutakiwa kumeza sheria za mwaka 1982, kanuni za kudumu, maadili, bajeti, ununuzi, ardhi, utawala bora na mpaka kati ya siasa na utendaji. Mada hii ya mwisho ndiyo hupewa muda mrefu kuliko zote, na kiini chake mara nyingi ni kumwonya diwani asiwaingilie wataalamu. Watoa mada wengi ni wakuu wa idara wa halmashauri hiyo hiyo. Yaani anayepaswa kuchunguzwa ndiye anayemfundisha mchunguzi kiasi gani achunguze! Semina ikiisha hugawiwa vyeti, hupigwa picha ya pamoja, na shule hiyo hufungwa hadi uchaguzi mwingine. Diwani aliyeingia kwa uchaguzi mdogo katikati ya kipindi huenda asiipate kabisa.

Haikuwa hivi siku zote. Shule iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Mzumbe ilifunguliwa mwaka 1953 na serikali ya kikoloni kwa ajili ya kuwafundisha machifu, watumishi wa tawala za wenyeji na madiwani. Mkoloni hakuwa na nia ya kuwapa Waafrika madaraka. Alitaka watu wa kumwekea hesabu na kumkusanyia kodi. Hata hivyo alitambua kwamba kazi ya baraza haiingii kichwani kwa kuapishwa. Mwaka 1961 kilifunguliwa Chuo cha Kivukoni, ambako mfanyakazi na mkulima waliweza kukaa darasani wakasoma uchumi na siasa pasipo kuulizwa vyeti vya sekondari. Kisha ulikuja mwaka 1972, Madaraka Mikoani yakaanza na halmashauri zikavunjwa. Za miji zilirudi mwaka 1978, za wilaya mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano na jarida la Third World Quarterly mwaka 1984, aliitaja hatua ya kuzivunja serikali za mitaa kuwa moja ya mambo ambayo asingeyarudia. Majengo na sheria vilirudi. Lakini ule ujuzi wa diwani mkongwe anayemnong'oneza diwani mpya barazani ulikuwa umekatika, na ujuzi wa namna hiyo hauwezi kurejeshwa kwa tangazo la Serikali. Kilipoanzishwa Chuo cha Serikali za Mitaa cha Hombolo, Dodoma, mwaka 1994, miaka zaidi ya ishirini ilikuwa imepita.

Chuo hicho kipo, Mzumbe ipo, Chuo cha Mipango kipo. Kinachotakiwa ni mafunzo yafuate kalenda ya baraza lenyewe. Baraza hukutana kila robo mwaka; basi kabla ya kila kikao itengwe siku moja ya darasa, kabrasha la robo hiyo likiwa ndilo kitabu cha kiada. Wakati wa bajeti asome bajeti halisi ya wilaya yake, si mfano ulioandikwa ubaoni. Ripoti ya ukaguzi inapotoka, aisome hoja kwa hoja. Mwalimu atoke nje ya halmashauri. Si lazima awe profesa. Katika kila wilaya wako wahasibu, wakaguzi na mahakimu wastaafu wanaokaa barazani mwa nyumba zao wakisikiliza redio, na baadhi yao wangefurahi kuitwa.

Liko pia suala la lugha. Sheria inamruhusu mtu kuwa diwani kwa kujua Kiswahili peke yake, lakini sheria zile za 1982 anazozifanyia kazi ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu. Kazi ya kufasiri ianze na zile ambazo mwananchi wa kawaida anatakiwa kuzitumia akiwa madarakani, na madiwani wa kata karibu 4,000 wawe wa kwanza katika foleni.

Watendaji watasema hakuna fedha. Fedha za ziara za mafunzo katika mikoa ya mbali zimekuwa zikipatikana, tena kwa shangwe ya madiwani wenyewe, ambao baadhi yao wanaipenda safari kuliko somo. Nao walaumiwe kwa hilo. Gharama ya mwalimu mmoja mstaafu kwa siku nne za mwaka, chai na vitabu vya kunakilisha haifiki ya basi moja la ziara ya namna hiyo. Wala hakuna haja ya kusubiri waraka kutoka wizarani. Baraza ndilo linalopitisha bajeti, na madiwani waliochaguliwa Oktoba 2025 wanaweza kuliweka fungu hilo wao wenyewe, kwa jina lake, katika makisio yatakayowafikia mezani kabla ya mwaka mwingine wa fedha kuanza Julai Mosi.