Gofu: Jiwe la Tiger Woods na kanuni inayompendelea mwenye mashabiki

Jumapili tarehe 31 Januari 1999, huko Scottsdale katika jimbo la Arizona nchini Marekani, watazamaji wapatao kumi na wawili walilisukuma jiwe lililokadiriwa kuwa na kilo 450 hadi likaondoka mbele ya mpira wa Tiger Woods. Ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano ya Phoenix Open. Mwamuzi alikuwa palepale na hakuona kosa. Woods alimaliza shimo hilo la 13, lenye kiwango cha mapigo matano, kwa mapigo manne.

Wengi walidhani amebebwa kwa sababu ya jina lake. Lakini mwamuzi alifuata kanuni. Katika gofu, kitu cha asili ambacho hakikui wala hakikushikamana na kitu kingine, kama jani, tawi lililoanguka, kinyesi cha mnyama au jiwe, kinaweza kuondolewa bila adhabu. Swali la mwamuzi lilikuwa moja tu: je, jiwe limezama na kushikwa na udongo? Lilikuwa limekaa juu ya ardhi ya jangwa. Kanuni haiangalii uzito, na inamruhusu mchezaji kusaidiwa na watu wengine.

Mipaka ipo, na ni mikali. Mpira ukisogea wakati wa kuondoa jiwe, nje ya eneo laini linalozunguka shimo, mchezaji anaongezewa pigo moja na kuurudisha mpira mahali pake. Hawezi pia kuwachelewesha wenzake kupita kiasi. Na kama angewaomba watazamaji walewale wamshikie tawi la mti ulio hai ili apate nafasi ya kupiga, angeadhibiwa mapigo mawili. Yaani jiwe la karibu nusu tani, ruhusa. Tawi la kichaka, hapana. Inachekesha, lakini ina mantiki yake: kilichoota uwanjani ni sehemu ya uwanja, kilichodondoka tu si sehemu yake.

Ugumu uko kwingine. Kanuni ni moja kwa wote, ila mikono si sawa. Woods, aliyekuwa na miaka 23 na tayari bingwa wa Masters wa 1997, alitembea na umati kila aendako. Mchezaji asiyejulikana anayeanza mapema, akiwa na mbeba vifaa wake na wenzake wachache, analitazama jiwe hilohilo na kuliacha. Atapiga pembeni, au atatangaza kwamba mpira hauchezeki na kulipa pigo moja. Katika mchezo ambao pigo moja linaweza kutenganisha nafasi mbili na zawadi zake, hilo si jambo dogo.

Dawa rahisi ingekuwa kuruhusu mchezaji na mbeba vifaa wake pekee kuondoa vizuizi hivyo. Wasimamizi wa kanuni, R&A na USGA, walipata nafasi mwaka 2019 walipozipunguza kanuni kutoka 34 hadi 24. Wakalegeza zaidi: sasa hata katika mashimo ya mchanga jiwe au jani linaondolewa, jambo lililokatazwa zamani. Msaada wa watazamaji ukabaki.

Woods mwenyewe alimaliza wa tatu siku ile. Kombe lilichukuliwa na Rocco Mediate.