BUSTANI YA NYUMBANI: Mkungu, mti wa majani mekundu

Kiangazi kinaposhika katika pwani ya kaskazini ya Jimbo la Cabo Delgado, kutoka Mocímboa da Praia hadi Palma na vijiji vilivyo karibu na mto Ruvuma, majani mapana ya mkungu hubadilika rangi. Jani lililokuwa kijani huwa la manjano, kisha jekundu, kisha huanguka uani. Kwa mzaliwa wa pwani jambo hilo si la kuuliza. Lakini askari aliyehamishwa kutoka bara, akaukuta mti huo mbele ya nyumba aliyopewa, huweza kudhani kwamba umeshikwa na maradhi, akatafuta shoka.

Hapo ndipo jirani mzee hutoka kibarazani na kumwambia: "Mwanangu, ngoja kwanza. Mti huu hauumwi. Unavua kanga kuukuu upate kuvaa mpya."

Naye mzee husema kweli. Kabla ya jani kuanguka, mti hurudisha shinani sehemu kubwa ya chakula kilichomo ndani yake. Ukijani hufifia, na wekundu huonekana. Baada ya muda mfupi machipukizi mapya hutokea, na kivuli hurudi. Aghalabu mkungu hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka.

Watu wa nchi za baridi nao wana mti wao wa namna hiyo. Huko Japani hupendwa mti mdogo ambao wataalamu huuita Acer palmatum, ambao majani yake yaliyogawanyika kama vidole hugeuka mekundu kabla ya majira ya theluji. Watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini huupanda bustanini, wakauficha nyuma ya ukuta usipigwe na upepo mkali, na kuifunika mizizi yake kwa matandazo isiumizwe na barafu. Mti ule ukiletwa Palma, majani yake yataungua kwa jua na chumvi. Mkungu nao ukipelekwa kwenye barafu hautaishi. Basi busara ya bustani ni moja kila mahali: mtu achague mti unaoikubali nchi yake, kisha aulinde ungali mchanga.

Sifa za mkungu

Mkungu, ambao jina lake la kitaalamu ni Terminalia catappa, usichanganywe na mkungu wa ndizi, wala tunda lake lisichanganywe na kungumanga. Huu ni mti wa ufukweni hasa. Hustahimili mchanga, upepo wa chumvi, na miezi kadhaa ya ukame. Tunda lake lina ganda jepesi lenye nyuzi, nalo huweza kuelea baharini muda mrefu na kuota mbali na lilikotoka. Popo nao hulibeba.

Matawi yake hutanda kwa ngazi, moja juu ya nyingine, kama ghorofa za nyumba. Kwa hiyo kivuli chake ni kipana kuliko cha miti mingi yenye kimo sawa nao. Ndani ya kokwa mna mbegu nyembamba yenye ladha ya lozi, ambayo watoto huipata kwa kuvunja kokwa juu ya jiwe. Magome na majani yake yana dawa ya kutia ngozi na nguo rangi.

Kuotesha

Mbegu haina haja ya kununuliwa. Yaokotwe matunda yaliyoiva na kuanguka yenyewe, yasiyotobolewa na wadudu. Yalowekwe katika maji usiku mmoja, kisha yafukiwe mazima, bila kuvunjwa kokwa, ndani ya viriba au makopo ya maziwa yaliyotobolewa chini. Udongo uwe wa mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza. Makopo yawekwe penye kivuli chepesi, yamwagiliwe kila siku bila kutuamisha maji. Mche huchomoza kwa muda wa wiki tatu hadi sita. Si kila kokwa litaota. Kwa hiyo anayetaka mti mmoja apande makokwa manne au matano.

Kupanda

Wakati mwema ni mwanzo wa mvua, mwezi wa Desemba au Januari, ili mizizi ishike kabla ya mvua kwisha mwezi wa Aprili. Shimo liwe la sentimita 60 kila upande na kwenda chini. Udongo wa juu utengwe, uchanganywe na samadi, urudishwe kwanza.

Mche uwe mbali na nyumba hatua kumi au zaidi. Mti huu hupanuka, na majani yake huziba mifereji ya bati. Pia uwe mbali na kisima na choo.

Kwa aliyerejea kwenye kiwanja kilichoachwa muda mrefu wakati wa vita, kuna sharti moja kabla ya jembe kuinuliwa. Awaulize wakuu wa mahali kama ardhi ile ni salama. Akikuta chuma asichokijua, asikiguse, awaondoe watoto, atoe taarifa.

Kutunza

Kiangazi cha kwanza ndicho mtihani. Nusu debe la maji kila baada ya siku mbili au tatu hutosha, hata yakiwa maji yaliyosuuzia vyombo, mradi hayana sabuni nyingi. Shina lizungushiwe makumbi ya nazi au majani makavu ili unyevu usipotee. Uzio wa fito ni lazima, kwani mbuzi mmoja huweza kumaliza kazi ya mwaka kwa asubuhi moja. Nguzo moja iegemezwe upande wa pepo za kusi. Mti ukipita kimo cha mtu, matawi ya chini yapunguzwe, lakini kilele kisikatwe. Majani yanayoanguka yafagiliwe na kurundikwa shimoni yawe mbolea.

Kivuli cha nani?

Liko swali lisilomo katika maelekezo ya kilimo. Mji wa Mocímboa da Praia ulishambuliwa Oktoba 5, 2017. Ukawa mikononi mwa waasi kuanzia Agosti 2020 hadi Agosti 2021. Palma ilivamiwa Machi 24, 2021. Mamia ya maelfu ya watu wa jimbo hilo walihama makwao. Wengi wamerejea tangu hapo, na wengine hawajarejea.

Mama aliyerudi akakuta kuta bila bati hupanda muhogo kwanza, na hakosei. Akiambiwa habari za mti wa kivuli hujibu: "Nipande, nani atakayeukalia?" Askari naye anajua kwamba amri ya uhamisho huweza kufika kabla mche haujafikia dirisha.

Hoja zote mbili ni za haki. Hata hivyo mkungu si mti wa kungojewa na wajukuu. Ukitunzwa vizuri hukua haraka, na huweza kuanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu hivi. Muhogo na mkungu mchanga huweza kukaa uwanja mmoja bila kugombana. Tena, familia inayorudi kwenye kiwanja kisicho na paa, ikikuta mti umesimama, hupata mahali pa kutandika mkeka siku ile ile. Aliyeupanda huenda hayupo tena, na hakujua alikuwa akimpandia nani.

Kwa hiyo askari au polisi anayehama asiuache mche kama kitu kisicho na mwenyewe. Anapokabidhi ufunguo wa nyumba, akabidhi na mti. Amwonyeshe mwenzake ulipo, amweleze siku za kuumwagilia, na amwonye mapema kwamba majani yakiwa mekundu asitafute shoka.