Treni tunaiogopa bure, boti ndiyo ya kuogopwa

Kiangazi kikikaribia, simu zetu za Maskati kwenda kwa jamaa wa Louisville, Columbus na Buffalo hujaa nasaha: jihadharini na basi, jihadharini na treni. Nasaha njema, lakini naona tunaogopa pasipo. Columbus haina treni ya abiria tangu 1979, Louisville tangu 2003. Zinazopita ni za mizigo, na wanaokufa relini Marekani wengi mno si abiria, ni watu waliokatiza au kutembea juu ya reli. Vijana waambiwe hilo, basi.

Mimi linalonitisha ni boti. Louisville wana mto Ohio mlangoni, Buffalo Ziwa Erie, Columbus bwawa la Alum Creek. Siku ya jua watu hukodi boti, nyama ya kuchoma, watoto, bibi naye yumo. Kwa hesabu za Walinzi wa Pwani wa Marekani, boti za starehe ziliua watu 564 mwaka 2023. Wamepungua kutoka 767 wa 2020, ndiyo. Lakini kati ya waliojulikana sababu ya kifo, watatu katika kila wanne walizama, na asilimia 87 ya waliozama hawakuvaa jaketi la kuokolea.

Tena sheria hazilingani. Kentucky, mtoto wa chini ya miaka 12 lazima avae boti ikiwa inakwenda. Ohio ni chini ya miaka 10, kwenye boti isiyofika futi 18. Yaani mtoto wa miaka 11 anayelazimishwa Louisville, akienda kwa binamu zake Columbus hana wa kumuuliza. Maji yanajua mpaka wa jimbo? New York wao, kuanzia 1 Novemba hadi 1 Mei, kwenye boti isiyofika futi 21 huvaa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, maana maji ya baridi hayajali umri. Hapo nawapongeza.

Msiniambie sisi wa Unguja na Pemba tumezaliwa majini. MV Skagit, iliyotoka huko huko Marekani, jimbo la Washington, ilizama karibu na Chumbe Julai 2012 ikiwa na watu wa pwani ndani.

Na kina mama, jaketi livaliwe juu ya abaya, mikanda ikazwe. Abaya ikilowa ni nzito, wallahi. Picha itakuwa mbaya, na iwe.

Anayekodi aulize kabla hajalipa: jaketi ziko ngapi, na la mtoto wa miaka mitatu lipo? Kama halipo, nyama kuleni ufukweni.