Fahali Anapimwa, Buda Hapimwi

Huku Mau Narok, ng'ombe akihitaji kupandishwa unapigia daktari wa mifugo simu, anakuja na mtungi wa baridi na mirija ya mbegu za fahali. Zingine zinatoka Kabete, kwa kituo cha serikali kilichoanzishwa 1946. Kabla zigandishwe zinaangaliwa kwa hadubini: ziko ngapi, zinaogelea ama zimelala? Fahali akifeli, hakuna anayemlaumu ng'ombe.

Sasa njoo kwa watu. Shangazi yangu alikaa kwa ndoa miaka tisa bila mtoto. Alipelekwa hospitali, majibu yakatoka sawa. Akapelekwa kwa maombi, akanyweshwa mitishamba. Mzee wake? Hakupimwa hata siku moja. Mwishowe shangazi akarudishwa kwao na jina la tasa. Mzee akaoa tena. Miaka minne imepita, boma bado kimya, na mke wa pili ameanza kuitwa jina lile lile.

Wacha niwapeleke maabara kidogo, msinikimbie.

Watafiti wanaosoma vile mbegu za kiume hutengenezwa wana seli za panya zinazofugwa kwa sahani. Aina moja inaitwa GC-2. Mwaka 1994 ilitangazwa kwamba seli hizo zinaweza kujigawa hadi zibaki na nusu ya DNA, vile mbegu halisi ilivyo. Watu wakafurahi. Mwaka 1996 zikapimwa upya, ikapatikana bado ziko na DNA kamili. Jina lilisema hivi, kipimo kikasema vile.

Na kuna kuangalia ndani zaidi. Karibu kila seli mwilini iko na jeni zile zile, tofauti ni zipi zimewashwa. Mbegu ikielekea kuiva, lazima iwashe jeni za protamini, zile zinazokaza DNA itoshee kwa kichwa kidogo. Kwa hivyo ukitaka kujua kama seli ni ya mbegu kweli, huulizi inaitwaje. Unaangalia ni jeni gani zinafanya kazi.

Sasa kama seli za panya zinapimwa mara ya pili kabla ziaminiwe, kwani shangazi alihukumiwa kwa kipimo gani?

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema karibu mtu 1 kati ya 6 hupitia shida ya kupata mtoto maishani. Shida inaweza kuwa kwa mwanaume, kwa mwanamke, ama kwa wote wawili. Kupima shahawa hakuna kisu, ni sampuli na hadubini tu. Na majibu mabaya si mwisho wa dunia. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, so homa kali ya mwezi jana inaweza kuharibu za leo. Ndiyo maana daktari hurudia kipimo.

Najua kuna watakaosema mwanaume haulizwi hayo maswali. Sawa, lakini wasee, sisi ndio tunaoa kesho. Mwaka mzima ukiisha mkijaribu na hakuna kitu, ingieni kwa daktari mkiwa wawili. Usimtume mke peke yake.

Shangazi siku hizi anauza waru kando ya barabara. Ile karatasi ya majibu bado anayo. Hakuna mtu kwa ile boma aliwahi kuomba kuisoma.

Buda, wewe ungeenda kupimwa? Jibu bila kujificha.