Joginder dhidi ya Ogier: Mizani ya kuwapima madereva wa Safari Rally ina kasoro

KILA mara mbio za magari za Safari Rally zinapokaribia, ubishi ule ule huzuka upya katika vituo vya bodaboda mjini Migori na kwenye fuo za wavuvi katika kaunti jirani ya Homa Bay. Je, madereva wa leo wangefua dafu mbele ya Joginder Singh na Shekhar Mehta?

Wazee hushikilia kwamba Sébastien Ogier na Kalle Rovanperä hawajapata kuionja Safari yenyewe, kwa kuwa kila usiku hulala kitandani mjini Naivasha huku mafundi wakiyafumua na kuyafunga upya magari yao. Vijana hujibu kwamba mashujaa wa zamani walishindana kwa magari ya kawaida ya kwendea kazini, na kwamba wangeachwa vumbini kabla ya kona ya pili.

Pande zote mbili zina ushahidi wa kutosha. Tatizo ni kwamba zinapima vitu viwili kwa kibaba kimoja.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na barabara hazikufungwa kwa ajili ya washindani. Dereva aliyetoka kwenye kona kwa kasi angeweza kukumbana na kundi la ng'ombe, lori lililoharibika katikati ya njia au daraja lililosombwa na mto usiku huo huo. Tarehe nazo ziliwekwa kwa makusudi karibu na Pasaka, majira ya masika, ili mvua ishiriki katika mashindano.

Katika miaka ya kilele umbali wote ulikuwa takriban kilomita 5,000, uliokwenda kwa siku kadhaa na usiku wake. Mshindi hakuwa yule aliyekimbia zaidi, bali yule aliyechelewa kidogo zaidi. Kila dakika iliyopita muda uliowekwa baina ya kituo kimoja na kingine ilihesabiwa kuwa adhabu, na mara nyingi muda huo ulipangwa hivi kwamba hakuna binadamu angeweza kuufikia.

Kumaliza kwenyewe kulikuwa fahari. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na saba pekee yakamaliza. Miaka mitano baadaye, mwaka 1968, yalimaliza saba vilevile. Mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff, wakiwa ndani ya Peugeot 404. Ni ajabu kwamba jina la Nowicki halitajwi kabisa katika ubishi huu wa vijiweni, ilhali hakuna mwingine aliyeshinda Safari mbili zilizowameza washindani kiasi hicho. Yamkini ni kwa sababu sifa ya kulitunza gari haina msisimko wa kusimuliwa.

Joginder hakusahaulika hivyo. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, mwendo wa saa chache kutoka Homa Bay, akakulia miongoni mwa spana na grisi katika gereji ya babake. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant waliingia mashindanoni na gari aina ya Volvo PV544 ambalo tayari lilikuwa limetumika, wakashinda. Alirudia ushindi huo mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Waliomfahamu barabarani walimwita Simba wa Kenya, lakini silaha yake kubwa haikuwa ukali. Joginder alikuwa fundi. Alilisikiliza gari, na alipohisi springi imeanza kulalamika alipunguza mwendo kabla haijakatika.

Mehta alikuwa wa namna nyingine. Alizaliwa Uganda, akahamia Kenya wakati utawala wa Idi Amin ulipowafukuza Waasia mwaka 1972, na mwaka uliofuata akanyakua taji lake la kwanza. Ushindi huo unafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba zamani washindi walipishana kwa masaa. Mehta na Harry Källström wa Uswidi, wote katika magari ya Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu zinazolingana kabisa, na Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi mwanzoni bila kupata adhabu yoyote. Kisha akashinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Kwa miaka 19 ya kwanza hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyefanikiwa kushinda Safari. Walikuja Wazungu mashuhuri na magari ya viwandani, wakarudi makwao mikono mitupu, hadi Hannu Mikkola wa Finland alipovunja mwiko huo mwaka 1972 kwa Ford Escort.

Sababu yake haihitaji maelezo marefu kwa mkazi wa Karachuonyo au Bonde la Lambwe. Udongo mweusi unaokauka ukapasuka wakati wa kiangazi hugeuka gundi mara mvua inapogusa ardhi. Mgeni huona barabara, mwenyeji huona mahali ambapo gari litazama hadi kwenye ekseli. Mwenyeji hujua pia kwamba wingu lililoinama upande fulani wa mlima lina maana kuwa kivuko cha mbele hakipitiki tena, na kwamba kilichobaki ni kutafuta njia ya mchepuko. Ujuzi huo haukuuzwa dukani. Ulipatikana kwa kuishi nao, na Safari ya zamani iliulipa thamani kamili.

Safari ya sasa inalipia kitu tofauti. Ilipoondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002 na kurejeshwa mwaka 2021, ilirudi ikiwa imekatwa na kushonwa upya. Mikondo ya kushindana kwa kasi haifiki jumla ya kilomita 400, mingi ikiwa ndani ya mashamba na hifadhi zinazozunguka Naivasha na Elmenteita. Barabara hufungwa. Kila dereva hupewa nafasi ya kuikagua njia kwa mwendo mdogo kabla ya mashindano, akimsomea mwelekezi wake kila kona, jiwe na tuta, na mwelekezi huyaandika yote.

Hapo ndipo faida ya mwenyeji ilipoyeyuka. Kijana wa Finland ambaye hajawahi kufika Afrika huondoka kwenye ukaguzi akiwa na daftari lenye habari zile zile alizo nazo mzaliwa wa Nakuru. Kinachobaki kuwatofautisha ni uwezo wa kuliamini daftari hilo katika kasi ya kutisha, na uwezo huo hujengwa kwa kuendesha gari la daraja la juu wiki baada ya wiki.

Hata hivyo, wazee wanakosea wanapodai kwamba kazi hiyo ni laini. Mwaka 2021 Rovanperä alikuwa akiongoza alipozama katika mchanga wa Kedong. Thierry Neuville wa Ubelgiji aliingia siku ya mwisho akiwa mbele, gari lake likavunjika mapema asubuhi, naye Ogier akaokota ushindi. Rovanperä alirudi mwaka uliofuata, akashinda. Mwaka 2023 Ogier alimshinda yeye kwa tofauti ya sekunde 6.7 tu baada ya siku nne. Dereva wa miaka ya sitini aliweza kusimama akatia maji kwenye rejeta na bado akashinda, lakini wa leo hupoteza taji kwa kosa la kufumba na kufumbua.

Lakini kuna jambo moja ambalo vijana nao hulikwepa. Rovanperä, baada ya kuzama Kedong, alirejea siku iliyofuata na kumaliza wa sita, kwa sababu kanuni za sasa humruhusu aliyekwama kuendelea baada ya kuongezewa muda wa adhabu. Kwa Nowicki na wenzake, kukwama kusikokwamuka kulikuwa mwisho wa safari. Magari yale 77 yaliyopotelea njiani mwaka 1963 yangeandikiwa hesabu nyingine kabisa chini ya kanuni za leo.

Kwa hivyo kulinganisha mataji hakusaidii, sawa na ilivyo katika Formula One, ambako Juan Manuel Fangio alipata mataji matano katika enzi ya misimu ya mbio chache, wakati msimu wa 2024 ulikuwa na mbio 24. Ogier alifikisha taji la tisa la dunia mwaka 2025, akilingana na Sébastien Loeb. Mehta, mfalme wa Safari, hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Hakuna rubani wa hesabu atakayetoa jibu hapo.

Jaribio lililokaribia zaidi kutoa jibu ni mbio za Safari za magari ya kale, zilizoanza mwaka 2003 kwa kuifuata njia ndefu ya zamani. Björn Waldegård wa Uswidi, aliyeshinda Safari yenyewe mara nne kati ya 1977 na 1990, alishinda mbio hizo mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 68, mwanawe akiwa mwelekezi. Katika umri huo hakuna anayeweza kupata sekunde za Kedong. Ila ustadi wa kulifikisha gari salama, inaonekana, hauzeeki upesi.

Swali zito zaidi ni jingine, na linawagusa Wakenya moja kwa moja. Mkenya wa mwisho kushinda Safari ikiwa sehemu ya mashindano ya dunia ni Ian Duncan, mwaka 1994, kwa Toyota Celica. Mwaka huo huo Patrick Njiru alimaliza wa nne kwa Subaru, matokeo ambayo yalipaswa kuwa mlango. Badala yake, zaidi ya miongo mitatu imepita. Kati ya 2021 na 2025 ushindi wote mitano ulikwenda kwa timu ya Toyota na madereva wake kutoka Ufaransa, Finland na Wales.

Si kwamba vipawa vimekauka. Mwaka 2021 Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo walimaliza katika nafasi ya saba, ya nane na ya tisa kwa magari ya daraja la chini. Tundo alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka huo, Patel akautwaa 2023. McRae Kimathi alipelekwa kushindana na chipukizi wa dunia kwenye theluji ya Uswidi mwaka 2022. Lakini gari la daraja la juu hugharimu mamia ya maelfu ya yuro, na viti vyake vichache hutolewa na viwanda, si na vilabu vya Nairobi. Joginder wa leo, fundi mwenye gari kuukuu na kaka wa kumsomea njia, angemaliza nyuma sana, na hakuna ambaye angejua jina lake.

Hapa pia kumbukumbu za wazee zinahitaji kuchujwa. Safari ya zamani haikuwa wazi kwa kila mtu. Mwaka 1953 Mwafrika aliweza kuitazama ikipita, si kuishiriki, na hata baada ya Uhuru orodha ya washiriki iliendelea kujaa walowezi na wafanyabiashara Waasia wenye gereji na mitaji. Njiru alikuwa wa kipekee hata katika miaka ya tisini. Kijana wa Rongo au Ndhiwa hakuwa na ngazi wakati ule, na hana sasa.

Tofauti ni kwamba sasa anaichangia. Serikali imetumia fedha za umma kuirejesha na kuiandaa Safari, kwa hoja kwamba inatangaza utalii na kukuza vipaji. Hoja ya utalii ina mashiko, na wenye hoteli za Naivasha wanaweza kuitetea. Hoja ya vipaji ni dhaifu zaidi inapotazamwa kutoka Kusini mwa Nyanza. Mkazi wa Homa Bay huyaona mashindano hayo kwenye runinga kama anavyoyaona ya Monte Carlo, ingawa kaunti yake na ya Migori zina barabara za changarawe, vilima vya Gwassi na udongo ule ule mweusi uliowashinda Wazungu kwa miaka 19.

Mahali ambapo wengi wa madereva wa Kenya huanzia si katika mikondo ya kifahari. Huanzia kwenye mbio fupi za kuzunguka uwanja mmoja wa vumbi, kwa magari ya mtumba yaliyoongezewa vyuma vya kumkinga dereva. Mbio za aina hiyo zinahitaji kiwanja, gari la wagonjwa, wasimamizi wenye leseni na mafundi, nao mafundi wamejaa Migori, wakiyahuisha kila siku magari ya Probox yaendayo Isebania na matrekta ya miwa ya Awendo. Sehemu ndogo ya fedha zinazotumika Naivasha kwa wikendi moja ingetosha kuandaa msimu mzima wa mbio hizo katika kaunti hizi mbili, kabla ya kijana yeyote kuulizwa kama anaweza kumshinda Ogier.