Ufagio si Adhabu

Nilipokuwa Kidato cha Pili katika shule yetu hii, nilichelewa mstarini asubuhi moja, nikapewa ufagio nifagie uwanja wa mbele huku wenzangu wakipita na kunicheka. Siku ile nilijifunza jambo ambalo hapana mwalimu aliyekusudia kunifundisha, yaani, ya kuwa ufagio ni chombo cha mkosaji.

Miaka mitano baadaye nilipewa ufagio wa pili. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja huko Marekani, na ufagio ule ulikuwa na mshahara. Ilikuwa kazi ya kufagia ukumbi wa kulia na kuosha sahani. Nilikaa siku kumi na moja bila kwenda kuipokea. Nilijiambia kwamba sikupanda ndege kwenda kuosha vyombo, na kwamba baba yangu hakuuza ng'ombe watatu ili nishike ufagio.

Katika siku zile fedha zangu zilipungua mpaka nikawa nahesabu mkate. Ndipo mtu mmoja mwenye duka mjini akaniambia nije kwake usiku, atanilipa mkononi, wala mtu hatajua. Nilikuwa tayari kwenda. Aliyeniokoa ni kaka mmoja wa mwaka wa nne, mtu wa Mwanza. Aliniambia: "Mdogo wangu, kazi ya halali umeikataa kwa sababu utaonekana, na kazi ya haramu unaitaka kwa sababu hutaonekana. Ukishikwa utarudishwa nyumbani. Je, hapo hutaonekana?"

Nilirudi jikoni asubuhi ya pili, nikakuta nafasi ile amepewa mwingine. Nilingoja wiki tano kupata nyingine. Kwa hiyo leo naandika kwa wadogo zangu wanaotazamia kwenda vyuoni, hasa ng'ambo, na kwa wazazi na walimu wao, ili mtu mwingine asipoteze wiki tano kwa ajili ya aibu isiyo na maana.

Kwanza, tuondoe kosa moja linalowadanganya wengi. Katika vyuo vya Marekani ziko kazi za namna mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni mpango wa serikali yao wa kazi na masomo. Ulianzishwa kwa sheria aliyoitia sahihi Rais Lyndon Johnson mwezi wa Agosti 1964. Serikali hutoa sehemu ya mshahara wa mwanafunzi, na chuo au mwajiri hutoa iliyobaki. Mpango huu ni wa raia wao, pamoja na wageni wachache wenye haki ya kukaa huko, kama vile wakaaji wa kudumu. Kijana aliyetoka kwetu kwa viza ya mwanafunzi hamo. Namna ya pili ni kazi za chuo chenyewe: maktabani, jikoni, mabwenini, maabarani, mapokezi. Hizi mwanafunzi mgeni anaruhusiwa kuzifanya tangu mwaka wa kwanza, lakini zisizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Wakati wa likizo anaweza kufanya kazi kutwa. Nje ya chuo hawezi kufanya kazi bila ruhusa maalum, na katika mwaka wa kwanza ruhusa hiyo ni karibu na kutopatikana.

Jambo la pili nawaambia wazazi. Nimesikia mara nyingi maneno haya: "Aende tu, atafanya kazi ajilipie." Wazazi wangu, tupige hesabu. Tangu mwaka 2009 kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7 na senti 25 kwa saa, ingawa majimbo mengi hulipa zaidi. Mwanafunzi akifanya saa 10 kwa wiki kwa kima hicho atapata dola 72 na senti 50. Katika muhula wa wiki 15 ni dola 1,087 na senti 50, kabla ya kodi. Fedha hizo zitamnunulia vitabu, sabuni na koti la baridi. Karo ya chuo hazitailipa. Tena kabla ya kupewa viza, sharti kijana aonyeshe fedha za mwaka wa kwanza, na kazi ambayo hajaipata haihesabiwi. Kwa hiyo msimpeleke mtoto kwa kutegemea mshahara usiokuwapo.

Sasa, mtu aitafuteje kazi hii? Nasema hivi: aitafute katika wiki ya kwanza, kabla hajajua hata njia zote za chuo. Wakati ule wakubwa wa jikoni na wa maktaba wanapanga watu wao wa mwaka mzima, na anayekuja mwezi wa pili hukuta meza imekwisha kuandikwa. Aende kwanza kwenye ofisi inayowashughulikia wanafunzi wageni, aulize masharti, kwa maana ofisi hiyo ndiyo itakayompa barua ya kuombea namba ya kulipiwa mshahara. Kisha aende mwenyewe, kwa miguu yake, mlango kwa mlango, akiwa na karatasi moja inayoeleza alikosoma, anachokijua, na saa ambazo hana darasa. Karatasi hiyo isidharau mambo ya nyumbani. Aliyekuwa akitunza vitabu vya maktaba yetu, au kugawa chakula bwaloni, amefanya kazi, naye aseme hivyo. Mwisho, asikatae saa ambazo wengine hawazitaki. Mimi nilipata kazi kwa sababu nilikubali kufika jikoni saa kumi na moja alfajiri wakati theluji iko nje.

Wako watakaosema kwamba mwanafunzi amekwenda kusoma, na kwamba mshika mbili moja humponyoka. Neno hilo ni la kweli, nami silipingi. Niliwaona waliojaza saa zote 20 katika muhula wa kwanza wakalala darasani. Kwa hiyo nashauri mwanafunzi mpya aanze na saa nane au kumi, aone matokeo ya mitihani, ndipo aongeze. Lakini anayeogopa kuchoka ni mtu mmoja, na anayeogopa kuchekwa ni mwingine. Tusimpe wa pili udhuru wa wa kwanza.

Wala hatukuwa sisi wa kwanza. Kwame Nkrumah alipokwenda Marekani mwaka 1935, aliuza samaki katika mitaa ya Harlem na kufanya kazi katika kiwanda cha sabuni ili aendelee na masomo. Mwaka 1959, ndege iliyotokana na juhudi za Tom Mboya ilipochukua wanafunzi 81 kutoka Kenya, wengi wao hawakuwa na fedha za kutosha, na walizisaidia bahasha za karo kwa mikono yao. Hapana aliyewadharau waliporudi.

Na kiko chuo kiitwacho Berea, katika jimbo la Kentucky, ambacho hakitozi karo ya masomo, lakini kila mwanafunzi, awe mwenyeji au mgeni, lazima afanye kazi angalau saa 10 kwa wiki. Nafasi zake ni chache na waombaji ni wengi. Basi moja ya kazi za mikono zinazokipa sifa chuo hicho ni kutengeneza fagio. Niliposikia habari hiyo niliukumbuka uwanja wetu wa mbele, nikanyamaza.

Hapo ndipo nafika kwa walimu wangu, nami nasema kwa heshima. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kazi iwe sehemu ya maisha ya shule. Sisi tumeifanya kuwa malipo ya makosa. Aliyechelewa afagie, aliyepiga kelele akate majani, aliyeshindwa hesabu asafishe choo. Je, kijana aliyelelewa hivyo miaka sita atashika ufagio chuoni kwa moyo mkunjufu? Atauona kama hukumu. Naomba usafi wa shule uwe wa zamu ya watu wote, viranja wakiwa wa kwanza, na mkosaji apewe adhabu nyingine. Walimu wanajua adhabu nyingi. Hawatakosa moja isiyotumia ufagio.

Katika muhula ule wa kwanza nilimwandikia baba kwamba nafanya kazi ofisini. Nilirudi likizo nikamwambia kweli. Alinitazama kwa muda, akasema: "Mwanangu, wadhani nauli yako niliipata ofisini?" Sikuwa na jibu. Ng'ombe wale watatu aliwachunga mwenyewe, na zizi lao alilifagia kila asubuhi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wadogo zangu, jizoezeni kuinama mngali hapa.

Mwanafunzi wa Zamani