*TAARIFA YA TAWI: UMEME UNA DUKA MOJA, MWAMUZI ASIZIBWE MDOMO*



Mmeuliza kwenye kundi kwa nini hatuungi mkono wale wanaosema "waje washindani wa TANESCO, bei itashuka yenyewe."

Washindani walishakuja. IPTL ilisaini mkataba 1995. Richmond ikaja 2006, na Februari 2008 Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. 2014 tukasikia ya Escrow ya Tegeta. Kati yao hakuna aliyemuuzia umeme mama lishe wa Ngamiani wala muuza barafu wa Deep Sea. Mteja wao alikuwa TANESCO, na IPTL ilidai malipo hata mitambo ikiwa imelala. Ushindani gani huo? Mpango wa Serikali wa 2014 ulisema TANESCO itagawanywa ifikapo 2025, uzalishaji mbali, usambazaji mbali. 2025 imekuja, na sisi wa LUKU duka letu ni lile lile.

Penye duka moja mnunuzi hana pa kukimbilia ila kwa mwamuzi, yaani EWURA. Kumbukeni Desemba 2016: TANESCO iliomba kupandisha bei kwa asilimia 18.19, EWURA ikasikiliza pande zote, ikakata hadi 8.53. Desemba 31 Waziri Muhongo akasitisha. Kesho yake Rais Magufuli akamwondoa mkurugenzi wa TANESCO. Mtaani watu walishangilia, na nani asishangilie? Lakini bei inayozuiwa kwa kauli ya mkubwa mmoja, hupandishwa kwa kauli hiyo hiyo, na siku hiyo hatutakuwa na pa kukata rufaa.

Sisi wa Tanga tuna letu zaidi. Hale ilianza kuzalisha 1964, mtambo mpya wa Pangani 1995. Machi 2025 tukaambiwa kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa kuwa wa kwetu unapotea njiani. Huenda hesabu ni sahihi. Basi iwekwe mezani: bei ya uniti, muda wa mkataba, na nani analipa tusipouchukua. EWURA iitishe kikao cha wazi hapa Tanga, wavuvi na wenye mashine za kusaga wasikike.

Leteni risiti za LUKU za miezi mitatu ofisini kabla ya Jumamosi. Zitaambatana na barua yetu kwa EWURA, nakala kwa baraza la watumiaji, EWURA CCC. Futeni namba ya mita kama hamtaki ionekane.

_Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati_
*Sambaza kwa wanachama wote*